Chenin Blanc: Zabibu Moja, Meza Nzima

Kama umezoea kuamini kwamba mvinyo mweupe ni kinywaji cha kupoozea koo tu kabla mwekundu haujaletwa mezani, naomba unisikilize. Kuna zabibu inaitwa Chenin Blanc. Nimeionja ikiwa kavu, nimeionja ikiwa tamu, nimeionja ikichemka mapovu, nimeionja ikiwa imelala kwenye pipa la mwaloni, na kila mara nimejikuta nikiigeuza chupa kusoma lebo upya. Ni zabibu hii hii kweli?

Ni hii hii! Chenin ni kama muhogo: utauchemsha, utauchoma, utaukaanga, utausaga upate unga wa ugali, na kila namna unasimama wenyewe kama chakula kamili. Kuna zabibu nyingine maarufu zinazojua jambo moja na kulifanya vizuri sana. Hii inajua karibu yote. Inatoa mvinyo mkavu wa kunywa mwaka huu, inatoa mvinyo mkavu wa kuweka miaka ishirini, inatoa mvinyo wa mapovu wa kufungulia harusi, inatoa mvinyo mtamu mzito wenye rangi ya kaharabu, na huko Afrika Kusini inakamuliwa hata kwa ajili ya brandi. Nitajie zabibu nyingine nyeupe yenye orodha hiyo. Labda Riesling ya Ujerumani, na hapo tutabishana mpaka alfajiri.

Na kabla sijasahau, maana jambo hili linanifurahisha kuliko yote: inalimwa Dodoma. Nitafika huko.

Kwanza glasi. Kwa anayeanza kuifahamu, mimi nampeleka moja kwa moja Stellenbosch, Afrika Kusini, kwenye chupa ya Ken Forrester iitwayo Old Vine Reserve, inayotokana na mizabibu ya zamani na kupitishwa kwa sehemu kwenye mapipa. Rangi ni dhahabu iliyofifia. Ukiileta puani ikiwa imetoka sasa hivi kwenye friji hupati kitu, baridi imeifunga. Ipe dakika kumi juu ya meza. Linatangulia tufaha la kijani, linafuata peasi, halafu nanasi lililoiva, na nyuma kabisa asali. Sasa ionje. Pua imeshakuahidi utamu, kwa hiyo ulimi unangoja utamu, na utamu hauji. Kinachokuja ni uchachu wenye makali ya ndimu, unapita pembeni mwa ulimi mpaka mate yanakujaa, na ukishapita matunda yanarudi kwa mara ya pili, safari hii yakiwa na uzito, na harufu ya mkate uliotoka kuokwa kwa mbali. Umeshameza na ladha bado ipo. Niliweka glasi chini nikangoja iondoke, haikuondoka.

Uchachu huo ndio siri yote ya Chenin. Ukiuelewa, mengine yanajipanga yenyewe.

Zabibu yoyote inavyozidi kuiva, sukari hupanda na asidi hushuka. Kwenye nchi za jua kali mambo haya huenda mbio, na mkulima akichelewa kidogo tu anavuna matunda matamu yasiyo na uhai, na mvinyo unaotoka humo ni mzito, umelala, unachosha kwenye glasi ya kwanza. Chenin haikubali kuachia asidi yake. Hata ikiiva kabisa, hata ikikaa mtini mpaka ianze kusinyaa, uchachu umo. Ndiyo maana mvinyo wake mkavu unachangamsha kinywa. Ndiyo maana mtamu wake haukinaishi, kwa sababu sukari ina mshindani. Ndiyo maana inafaa kwa mapovu, ambayo bila asidi huwa maji ya sukari yenye gesi. Ndiyo maana inakaa chupani miongo na miongo, kwa kuwa asidi ni moja ya vitu vinavyoulinda mvinyo usichakae. Na ndiyo maana inaweza kuishi mahali penye joto ambapo zabibu nyingi nyeupe za Ulaya huchoka.

Jambo la pili ni tabia yake ya kusikiliza. Sauvignon Blanc ina harufu yake inayotambulika popote ilipopandwa, na Muscat vivyo hivyo, unaisikia kabla glasi haijafika mdomoni. Chenin ni mpole zaidi. Inabeba udongo wa pale ilipoota, hali ya hewa ya mwaka ule, na uamuzi wa mtu aliyeivuna. Kwa mtengenezaji mvivu, hiyo ni hatari, kwani itakupa mvinyo usio na neno la kusema. Ukiipakia mazao mengi kupita kiasi inakuwa majimaji. Ukiipogoa vizuri na kuivuna kwa wakati wake, hakuna inachokunyima.

Kwao ni bonde la mto Loire huko Ufaransa, katika majimbo ya kale ya Anjou na Touraine, ambako imelimwa kwa karne nyingi. Huko ni kaskazini kwa zabibu, kuna baridi, na Chenin ina mazoea magumu: huchipua mapema, wakati jalidi ya majira ya kuchipua inaweza kuyaunguza machipukizi, na huiva kwa kuchelewa, wakati mvua za vuli zimeshaanza kugonga hodi. Tena haiivi kwa pamoja. Kwenye kichala kimoja utakuta punje iliyoiva imekaa ubavuni mwa punje ya kijani. Mkulima wa Loire anaishi na wasiwasi huo kila mwaka, na kutoka kwenye wasiwasi huo kumezaliwa utaratibu mzuri kuliko wote niliowahi kusikia katika habari za mvinyo.

Huko Vouvray, karibu na mji wa Tours, mtengenezaji hapangi mapema atatoa mvinyo wa aina gani. Anangoja mwaka umwambie. Ukiwa mwaka wa baridi, anatoa mvinyo wa mapovu na mkavu. Ukiwa wa wastani, anatoa ule wenye utamu kidogo. Jua likikaa mpaka Oktoba, anatoa mtamu kabisa. Lebo zao zinakuambia: sec ni mkavu, demi-sec una utamu wa wastani, moelleux ni mtamu. Ukiyakariri maneno hayo matatu huwezi kupotea dukani. Nyumba ya Huet, iliyoanzishwa mwaka 1928, ina mashamba matatu yanayojulikana kwa majina, Le Haut-Lieu, Le Mont na Clos du Bourg, na mwaka ukiruhusu kila shamba linatoa aina zote tatu. Zabibu ni moja, kijiji ni kimoja, na bado unapanga chupa zote hizo mezani na hakuna inayofanana na jirani yake. Vouvray ya mwaka 1947 bado inatajwa na wapenzi wa mvinyo kwa heshima kubwa, na chupa zake zilizotunzwa vizuri zimeonekana kuwa hai miongo mingi baadaye.

Chini ya mashamba hayo kuna mwamba wa chokaa laini wanaouita tuffeau. Jiwe hilo lilichimbwa kujengea makasri ya Loire, na mashimo yaliyobaki yakageuzwa kuwa maghala ya mvinyo, yenye ubaridi ule ule mwaka mzima bila kuwasha mashine yoyote. Watu wa Vouvray wanaithamini ardhi hiyo kweli kweli: ilipopangwa reli ya treni ya mwendo kasi ya TGV ipite kwao, walipinga mpaka ikapitishwa kwenye handaki chini ya mizabibu. Ninawaelewa kabisa.

Ukishuka na mto kuelekea magharibi, chokaa inaisha na mwamba wa shisti unaanza, mweusi, wa tabaka tabaka. Chenin inabadilika sura. Savennières ni mkavu, mkali, wenye ladha ya madini, unaodai subira. Ukiufungua mapema utadhani umekukasirikia. Humo ndimo lilimo shamba la Coulée de Serrant la ukoo wa Joly, lenye ukubwa wa hekta 7 hivi, ambalo mizabibu yake ilianzishwa na watawa katika karne ya 12. Nicolas Joly alilifanya shamba hilo kuwa mfano mkubwa wa kilimo kinachokataa kemikali, na wapo wanaompenda na wapo wasiokubaliana naye. Mimi ninachojua ni kwamba mvinyo wa pale haufanani na kitu kingine.

Ng'ambo ya mto, kwenye kijito cha Layon, mambo yanakuwa ya ajabu. Asubuhi za vuli ukungu unapanda kutoka majini na kulala juu ya mashamba. Mchana jua linautoa. Unyevu huo na ukavu huo vikipokezana, kuvu iitwayo Botrytis inaota juu ya zabibu zilizoiva, inatoboa ngozi, maji yanatoka, punje inasinyaa na kuwa ya kahawia, na ndani yake vinabaki sukari, asidi na ladha vilivyojilimbikiza. Ukiiona kwa macho utasema imeoza, ni ya kutupa. Wavunaji hupita kwenye mstari ule ule mara kadhaa, kwa wiki kadhaa, wakichuma zilizofikia tu na kuziacha nyingine zingoje zamu yake. Zao ni dogo sana. Kinachotoka ni Coteaux du Layon, Bonnezeaux, na Quarts de Chaume, ambayo mwaka 2011 ilipewa daraja la Grand Cru. Ni asali, ni embe lililokaushwa, ni ganda la chungwa, halafu ule uchachu wetu unaingia dakika ya mwisho na kusafisha kila kitu, na mkono unairudia glasi wenyewe. Huu ndio mvinyo mtamu utakaowageuza watu wanaoapa kwamba hawapendi mvinyo mtamu.

Sasa tuje kwenye bara letu, maana ukitafuta nchi yenye mashamba mengi ya Chenin kuliko zote duniani, utaikuta Afrika Kusini, ikiwa mbele ya Ufaransa yenyewe. Inaaminika ilikuwa miongoni mwa miche iliyopelekwa Rasi ya Tumaini Jema kwa ajili ya Jan van Riebeeck mwaka 1655. Wakulima wa huko waliiita Steen, wakailima kwa vizazi, na hawakujua kwamba ni Chenin. Ilikuwa mwaka 1965 ndipo Profesa C. J. Orffer wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch alipothibitisha, kwa kulinganisha majani, kwamba Steen na Chenin Blanc ya Loire ni mmea mmoja. Karne tatu zabibu iko shambani, inanyweka kila siku, na hakuna aliyejua kwao ni wapi!

Wakati huo ilikuwa zabibu ya kazi. Mwaka 1959 ulitoka mvinyo uitwao Lieberstein, mtamu kidogo, wa bei nafuu, Steen ikiwa ndani yake, na kufikia mwaka 1964 uliuza lita milioni 31 kwa mwaka, ukawa mvinyo wa chupa unaouzwa kuliko wote duniani. Mashamba yakapandwa kwa wingi. Baadaye ladha za watu zikabadilika, wengi wakang'oa Chenin kupisha zabibu za kisasa zaidi, na zingine zikaachwa tu, hasa kwenye maeneo makavu kama Swartland, zikisimama bila nyaya wala umwagiliaji, kila mti kama kichaka kifupi, mizizi ikitafuta maji chini sana.

Zilizoachwa zikageuka hazina. Mti mzee huzaa kidogo, na kidogo hicho huwa na ladha nzito. Rosa Kruger alianza kuzunguka nchi akiyaorodhesha mashamba ya zamani, na kutoka kwenye kazi yake ukazaliwa mradi wa Old Vine Project, unaoweka muhuri kwenye chupa za mizabibu yenye miaka 35 au zaidi, muhuri ukionyesha na mwaka shamba lilipopandwa. Chenin ndiyo inayoongoza kwenye orodha ya mashamba hayo. Eben Sadie anatengeneza mvinyo aliouita Mev. Kirsten kutoka kwenye shamba la Stellenbosch lililopandwa mwaka 1905. Fikiria: mti uliopandwa kabla ya vita vikuu vyote viwili bado unazaa, na zao lake linagombewa. Na mapovu nayo yalianza na zabibu hii. Mvinyo wa kwanza wa Afrika Kusini uliochachushwa ndani ya chupa kwa njia ya Champagne, Kaapse Vonkel wa shamba la Simonsig, mwaka 1971, ulitengenezwa kwa Chenin Blanc.

Haikuishia hapo. India, kwenye nyanda za Nashik, kampuni ya Sula ilipotoa mvinyo wake wa kwanza mwaka 2000, Chenin ilikuwemo. Nchi ya joto tena. Uchachu ule ule tena.

Basi Dodoma. Wamisionari wa Kiitaliano walianzisha mizabibu Bihawana miaka ya 1950, kwa ajili ya divai ya misa, na kilimo kikaenea Makutupora, Hombolo, Mpunguzi, Chinangali na kwingineko. Kwa mvinyo mwekundu, Dodoma ina Makutupora Red yake. Kwa mweupe, zabibu yenyewe ni Chenin Blanc. Na ukitazama hali ya pale unaona kwa nini imekubali. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua ni kidogo, udongo ni wa kichanga, jua ni kali mchana na usiku wa Juni na Julai unahitaji blanketi. Kwa kuwa hakuna majira ya baridi ya kuulaza mti, kupogoa ndiko kunakouambia uanze upya, na mkulima anavuna mara mbili kwa mwaka: karibu na Machi, na tena Agosti na Septemba. Mkulima wa Vouvray akisikia habari hiyo atadhani unamtania. Mavuno ya kiangazi ndiyo yanayonisisimua zaidi, kwa sababu punje zinaiva bila mvua ya kuzipasua wala kuleta ukungu wa magonjwa, na ubaridi wa usiku unalinda ile asidi.

Nimeonja Chenin mkavu wa Dodoma na nimeona msingi wote umo: limau, pera bichi, chumvi kidogo mwishoni. Kinachohitajika ni uangalifu baada ya kuchuma. Zabibu nyeupe haisamehe joto. Ikikaa juani kwenye kreti mpaka jioni ikisubiri gari, harufu zinakimbia na rangi inaanza kugeuka kahawia. Wakulima wengi hukamua na kuuza mchuzi wa zabibu kwa wenye viwanda, na hapo ndipo ubora unapopatikana au unapopotea: kuvuna alfajiri, kukamua haraka, kupooza mchuzi kabla haujaanza kuchacha wenyewe. Hakuna muujiza hapo. Ni tangi la ubaridi na umeme wa uhakika. Shamba limeshafanya kazi yake.

Na chakula! Chenin mkavu na changu wa kuchoma aliyekamuliwa ndimu, umemaliza. Uliopita kwenye pipa uupeleke kwenye kitimoto cha kukaanga na ndizi, uchachu utakata mafuta na kila tonge litakuwa la kwanza. Demi-sec ndio mvinyo wa vyakula vyetu vya pwani: pweza wa nazi, kuku wa kupaka, biriani yenye pilipili za kweli. Mvinyo mkavu sana hugombana na pilipili. Utamu kidogo huipoza, na nazi inauonea raha uchachu. Ule mtamu kabisa wa Layon usiuweke na keki. Uweke na embe dodo lililoiva, au jibini la kuvu ya buluu ukilipata, au unywe peke yake polepole.

Usiunywe ukiwa barafu. Nyuzi 8 zinatosha kwa mwepesi, 12 kwa uliopita kwenye pipa. Usiogope kuweka chupa nzuri kwa miaka kadhaa, mradi ilale mahali penye giza na ubaridi, mbali na jiko.

Hukumu yangu ni hii: kama unanunua chupa moja tu ya mvinyo mweupe mwezi huu, iwe Chenin Blanc. Anza na mkavu wa Afrika Kusini, ambao kwa ubora wake bado bei haijapanda inavyostahili. Ukinogewa, tafuta Vouvray demi-sec. Kisha uulize ya Dodoma kwa jina. Nanyi mnaojaza chupa Dodoma, nawaomba kwa moyo wote: msiandike tu "mvinyo mweupe mkavu" mkaishia hapo. Andikeni Chenin Blanc kwa herufi kubwa, andikeni kijiji, andikeni mwaka, na mtuambie kama ni mavuno ya Machi au ya Agosti. Tutanunua zote mbili tuzilinganishe.